Lumero ya Ngeleka

Mama Laurentine wa nyumba ya tatu anasema ni yeye aliyemwona wa kwanza. Ilikuwa siku ya posho, saa moja asubuhi, mama za kambi ya mgodi wa Musonoi wamepanga mstari mbele ya magazini, ghala la chakula, na Ngeleka amesimama katikati yao na kifuko mkononi. Walikuwa wamemzika wiki tatu kabla ya hapo. Laurentine akamgusa bega.

"Tata Ngeleka, usiruke mustari. Kufa si sababu."

Akarudi nyuma, akaomba radhi.

Mtoto wa Ngeleka, Mbombo, wa miaka miwili, alikuwa amevimba uso na miguu, na nywele zimekuwa nyekundu. Majirani walimsifu mama yake, Tshiela: "Angalia mashavu! Mutoto ananenepa!" Tshiela akashukuru. Ni sista wa dispensari aliyebonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki, akasema hii ni njaa. Bukari, yaani ugali, peke yake haijengi mtoto. Anataka maziwa, maharagi, samaki. Maziwa sista alitoa mwenyewe, kikombe kila asubuhi. Maharagi na samaki vilikuwa magazini, na magazini inatoa kwa lumero, ile namba ya mfanyakazi. Mjane hana lumero.

Karani Kalombo akafungua kitabu.

"Si ulikufa, weye?"

"Ndiyo, karani. Lakini naingiaka kazi tangu siku ya kwanza."

Kapita, msimamizi wa kazi, akaitwa, akakubali: amesukuma wagoni siku zote sita za kila wiki, hata maji hakuomba.

"Basi," karani akasema. "Kufa hakufute lumero. Kukosa kazi njo kunafuta." Akampimia unga, maharagi, samaki wa chumvi na mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese.

"Bwana yangu iko muzima," Laurentine akasema, "na njia ya posho haijue!"

Mbombo akala. Kwanza maji ya uvimbe yalimtoka, akabaki na uso wa bibi kizee. Halafu kilo zikaanza kupanda, na siku moja akacheka. Tshiela alimshukuru sista, akamshukuru kapita, akamshukuru Laurentine aliyemwonyesha kuponda samaki ndani ya uji. Ngeleka aliacha kifuko mlangoni, hakuingia, asichafue nyumba kwa udongo wa kaburi. Vidole vyake vilikuwa vinabaki kwenye wagoni. Kapita, mtu mwema, alimrudishia kila jioni.

Mwezi wa tano baada ya mazishi, Tshiela alikuja mwenyewe dirishani kwa karani, Mbombo mgongoni, mzito mpaka kitambaa kinamkata bega.

"Aksanti sana, karani. Mutoto anatembea sasa. Naomba tu kitu kimoja: tata yake apumuzike, na mutoto aendelee kukula. Hii mambo mbili inaweza kwenda pamoja?"

Kalombo akamtazama mtoto. Akatazama kitabu, kidole juu ya mstari wa Ngeleka, akaandika "kazini" kama kila wiki.

Kisha akaita lumero iliyofuata.