Wageni Tumboni mwa Ashley

Joyline alikuwa akimenya ndizi nyuma ya duka la dawa la mumewe, pale Keumbu, mikono ameipaka mafuta ya kupikia ili utomvu usimgande, tumbo lake liliposema, "Tumebaki wachache."

Sauti haikuwa moja. Zilikuwa nyingi na za chini, kama za watu wanaobaki kanisani baada ya ibada kupanga mambo ya matanga. Joyline aliimalizia ile ndizi, akaitumbukiza kwenye maji, kisha akauliza ni kina nani hao waliobaki wachache.

"Sisi wa huku chini," walisema. "Baba Ashley ametumaliza na dawa."

Hilo Joyline hakuweza kulikana. Duke, mumewe, alikuwa mtu mwema, na wema wake wote ulikuwa wa kapsuli. Ukikohoa, alikupa zile za rangi mbili, za kuua vijidudu. Ukiumwa na mgongo, za rangi mbili. Akina mama wanaouza ndizi kando ya barabara walizinunua wakagawana na watoto wao kama peremende, na zilizobaki zikawekwa juu ya kabati kungoja homa ya mwezi ujao. Hakuna aliyemaliza dozi, na hakuna aliyeambiwa amalize. Nyumbani kwake mwenyewe, Duke hakungoja mtu augue. Joyline akiwa na huzuni, alimpa mbili. Akiuliza swali lisilopendeza, alimpa mbili na glasi ya maji, akasimama pale mpaka zishuke.

Ashley, binti yao wa miaka minne, alipewa yake kila jioni, eti ya kinga. Duke aliifungua kapsuli, akamwaga unga wake kwenye kijiko cha sukari. Mtoto alikuwa amezoea hivi kwamba akisikia tu karatasi ya dawa ikipasuka, hata awe upande wa pili wa ua, alikuja mwenyewe na kufungua mdomo.

"Sisi tutajikaza," wakazi wa tumbo walisema. "Lakini kwa mtoto tumeita tangu juzi, hakuna anayejibu. Kule hakuna mtu."

Joyline aliweka kisu chini. Alikuwa ameona, ila hakuwa amejua anaona nini. Ashley alikuwa ameacha kucheka. Ukimkalisha mahali, ulimkuta palepale. Watoto wenzake walimwita kuruka kamba, naye akawatazama vile mtu anavyotazama mvua inayonyesha kwa jirani. Majirani walimsifu kwa adabu.

"Kicheko chake kilienda wapi?" aliuliza.

"Kinapikwa huku," walisema. "Sisi tunapika, halafu tunapeleka juu kwa ule mshipa mrefu. Kichwa hukula na kujidai kimepika chenyewe. Sasa kwa Ashley jiko limezima, na kichwa kimekaa kinangoja chakula."

Kesho yake alimpeleka mtoto kwa Purity, muuguzi mwenye kliniki ndogo nyuma ya soko. Purity aliweka kipimo chake kwenye tumbo la Ashley, akasikiliza, akakihamisha upande wa pili, akasikiliza tena.

"Hapa hakuna mtu," alisema, kama aliyebisha mlango akakuta wenyewe wameenda shambani. "Na hao ndio walinzi wake pia. Baridi ikishika, hata mafua ya kawaida yatamwangusha huyu. Ni nani anampa dawa?"

"Hakuna," Joyline alisema.

"Anadanganya," tumbo lake likasema. "Anaogopa."

Purity alilitazama tumbo, akamtazama mwenye tumbo, akaenda kunawa mikono. "Mtafutie wageni," alisema kutoka kwenye sinki. "Maziwa ya kibuyu, si ya pakiti. Wakiingia wakapata nafasi, watakaa. Lakini usiwaingizie dawa juu yao kabla hawajakita mizizi. Hao nao wakimalizwa, sijui utatoa wapi wengine."

Joyline aliogopa kwa sababu alikuwa na la kuogopa. Duke hakuwahi kumwinulia mkono. Mwaka uliopita, alipokataa kumeza, Duke alitoa begi juu ya kabati, akazikunja nguo zake moja baada ya nyingine kwa upole, akamsindikiza hadi kwao Nyakoe, kisha akarudi na mtoto. Aliwaeleza wakwe zake kwamba Ashley ni wa ukoo wa baba. Wakwe, waliokuwa wamepokea ng'ombe wa mahari, na baadhi ya ng'ombe hao wamekwisha kuzaa, walitikisa vichwa kukubali. Mwezi mzima Joyline hakumwona mwanawe. Alirudishiwa siku alipoomba msamaha mbele ya wazee na kumeza mbili.

Kwa hiyo hakumwambia Duke habari ya Purity. Alimwambia kwamba Mong'ina, mama mkwe wake kule Nyamira, amewakumbuka, na hilo lilikuwa kweli. Duke alifurahi. Alimpa karatasi nzima ya kapsuli aende nayo. "Jioni usisahau ya mtoto," alisema.

Mong'ina aliwapokea jikoni, moshi ukiwa mwingi, akayasikiliza yote bila kukatiza. Kisha akamwonyesha Joyline kibuyu kikubwa kilichoegemea ukuta, kikavu, cheupe ndani kama sahani mpya.

"Unakiona? Krismasi iliyopita alinionea huruma na uzee wangu. Aliona ndani ni keusi, kananuka. Akakaosha na ile dawa ya kutoa madoa ya nguo. Mtoto wa mwanamume, amezaliwa kwa hii boma, anaosha kibuyu." Alikigonga kwa kidole, kikalia kitupu. "Alikaosha vile wanaosha maiti. Tangu siku hiyo maziwa nikiweka, inaoza tu."

Kibuyu cha Kisii hakijui sabuni. Hufukizwa kwa kaa la moto, na maziwa mapya humwagwa juu ya mabaki ya zamani ili yafundishwe kuganda. Duke alijua hivyo utotoni, lakini chuo cha dawa kilimfundisha kwamba kila kitu kidogo kisichoonekana ni adui, naye alikuwa mwanafunzi mzuri.

Mong'ina alipanda juu ya kigoda, akatungua kibuyu kidogo kilichoning'inia juu ya mafiga. Kilikuwa cha mama mkwe wake, naye alikipata kwa wake. Alikitegea sikio. "Wako ndani," alisema. "Wanabishana."

Wakati huohuo Nehemiah, mumewe, aliingia na kigoda chake kuwasalimia wageni, akakaa karibu na mlango mbali na mkaza mwana, kama inavyostahili. Kabla salamu haijaisha, tumbo la Joyline lilisema, "Ni Duke aliyewamaliza watu wa Ashley."

Nehemiah aliinuka, akachukua kigoda chake, akatoka. Si kwa sababu tumbo limesema. Ni kwamba heshima ile waiitayo chinsoni hairuhusu baba mkwe kusikia habari za tumbo la mke wa mwanawe. Alikaa uani akiwapa mgongo, akasema na mke wake kupitia mlangoni.

"Mwambie mama Ashley, yule kijana ako na jina pale Keumbu. Hii mabati iko juu ya kichwa yake imetoka kwa ile duka. Neno la leo lisitoke kwa hii boma."

Mong'ina alimgeukia Joyline, ambaye walikuwa wamekaa naye goti kwa goti, akayarudia maneno hayo neno kwa neno. Joyline alisema amesikia. Mong'ina akapaza sauti, "Anasema amesikia."

"Mama," Joyline alisema polepole, "wewe ndiye umemzaa. Wewe mwambie aache."

"Mimi natoa maziwa," Mong'ina alisema. "Kusema na kijana ni ya baba yake. Na baba yake amesema."

Alimimina. Maziwa yalitoka kwa mabonge, ya kijivu kwa majivu na moshi. Ashley alionja, akakunja uso, akanywa. Usiku huo karatasi ya kapsuli haikutolewa mkobani. Asubuhi alikunywa tena, na mchana, juu ya ugali wa wimbi na mboga za saga. Jumapili kanisani, katikati ya sala, tumbo la mtoto lilinguruma, na sauti zikatoka, nzee, za Ekegusii cha zamani, zikiulizana nani atalala wapi na jiko liko upande gani. Waumini waliokuwa karibu walisogea kidogo kwenye benchi kuwapa nafasi.

Alasiri Ashley alimfukuza kuku wa bibi yake hadi kwenye majani chai, akaanguka, akacheka. Joyline alilia. Hakujificha wala hakujifuta. Alikuwa amesahau sauti ya kicheko kile, na kusahau huko kulimuuma kuliko kitu chochote alichowahi kumezeshwa.

Walifika Keumbu wakati maduka yanawasha taa. Duke alimbeba mtoto juu, mtoto akacheka, Duke naye akacheka, maana alimpenda. Kisha akaomba ile karatasi ya dawa. Joyline aliitoa mkobani. Duke aliigeuza mkononi, akaona haijapasuliwa hata mahali pamoja.

Aliingia chumbani, akatoka na begi. Aliliweka karibu na mlango, akaliweka sawa lisianguke, akafungua zipu yake polepole mpaka mwisho, akaliacha wazi.

"Sema," tumbo la Joyline lilisema. "Mama Ashley, sema sasa."

"Tumbo yako inaongea sana siku hizi," Duke alisema kwa upole. "Hiyo ni gesi. Nitakupa mbili."

Joyline alilitazama begi. Alitazama kapeti, na viatu vidogo vya Ashley vyenye udongo mwekundu wa Nyamira. Neno alikuwa nalo, fupi, lingetoka kwa pumzi moja, na upande wa pili wa neno hilo alimwona mtoto kwenye dirisha la nyumba hii na yeye yuko Nyakoe.

Duke alichukua kijiko na sukari. Karatasi ikapasuka.

Ashley alikuja mbio kutoka uani, akasimama mbele ya baba yake, akafungua mdomo. Joyline alimshikia kikombe cha maji, kama kila jioni.

Wakazi wa tumbo la Joyline waliita kwa nguvu zao zote kuwaonya wenzao, lakini walikuwa wachache. Tumboni mwa Ashley, wageni wa kibuyu, ambao tangu enzi za mabibi hawajawahi kukutana na kapsuli, walisikia mlango wa juu ukifunguliwa. Wakasogea kupisha.

"Karibuni," walisema. "Ingieni. Chakula kiko karibu kuiva."