Mguu wa Ulimboka

Trekta la kijiji chetu cha ujamaa pale Masanze liligoma mvua zikiwa karibu, nusu ya shamba la pamoja haijaguswa. Injini inanguruma, gia inaingia, magurudumu yametulia kama wageni waalikwa. Mwenyekiti, Mzee Theodory, akatangaza kwamba dereva ameua giaboksi. Fundi akithibitisha, usukani atapewa mwingine. Dereva mwenyewe ni Ulimboka, mume wangu. Siku hiyo ugali wake ulipoa sahanini, nami nikakichukia kijiji kizima, mwenyekiti akiwa wa kwanza.

Fundi Beda alitoka Kidodi, alikozoea kutengeneza malori ya miwa. Akakanyaga breki, akatia gia kubwa, akaachia klachi.

"Klachi ikiwa nzima, injini itazimika," alisema.

Injini ikaendelea kunguruma, na harufu ya kuungua ikatufikia sote.

"Giaboksi haina kosa. Klachi inateleza."

Tukalitenganisha trekta vipande viwili, wanaume wakisukuma kile cha mbele juu ya magogo. Plati ya klachi ilitoka imelika, inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Beda akaipigia lainingi mpya, ule utando wake wa kushikia, kwa vijisumari vya ribiti, tukaunganisha.

"Mguu wa mtu ndio unaokula hivi," akasema. "Ulimboka, endesha nikuone."

Nikadandia nami. Sikualikwa.

Hatukufika mbali, tukamkuta Bibi Mwanakheri akitoka kisimani. Ulimboka akakanyaga klachi nusu, injini ikalia, trekta likajikokota sambamba na bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Watoto hawajambo? Na mama yako kule kwenu?"

Akajibu yote, mguu palepale. Mbele yupo Mzee Simoni na habari za mbuzi wake. Kisha mwenyekiti mwenyewe, aliyetembea kando yetu na salamu zake hadi kwenye kona. Beda alikuwa akiutazama ule mguu tu, na sasa akacheka hadi akashika mbavu.

"Mzee, mguu ukikaa nusu, plati inasuguka. Klachi mnaila wenyewe kwa salamu," akamwambia mwenyekiti. "Ama asimame kabisa, ama apite."

Kumpita mzee bila kumwamkia? Kwetu hilo halisemwi. Na akimsimamia kila mzee, mvua itamkuta barabarani. Mwenyekiti alijikuna shingo kwa muda.

"Basi sisi wazee tutaitikia kabla ya kuamkiwa," akasema. "Na usukani ubaki kwake."

Alisema akitazama chini. Nilifurahi, sifichi.

Kesho yake nilidandia tena, na wazee walitoka milangoni, mikono juu. "Marahaba, baba. Pita." Ulimboka anapunga mkono, trekta linakwenda. Lakini mwisho wa kijiji alisimama mama yangu mzazi, na mkwe hampiti mama mkwe hivi hivi. Nikauona mguu unainuka kuelekea klachi.

Mama naye aliuona. Akatua ndoo.

"Marahaba, mkwe wangu. Kalime."

Mguu ukarudi ulikotoka. Mimi nililia kwa furaha mpaka shambani.