Vitambaa vya Barabara ya Fahari

Kila asubuhi, kabla jua halijapasha lami moto, Siwema alianua vitambaa vyekundu alivyovifua jana yake, akavikunja, akavipanga ndani ya sanduku la bati lililosimama kando ya Barabara ya Fahari. Ndiyo kazi aliyopewa na dola ya Tandabara, naye aliifanya kimya kimya, kwa kuwa alikuwa mtu wa haya ambaye hata salamu aliitoa kwa sauti ya chini.

Tandabara ilikuwa nchi ya watu wa usukani. Barabara zake zilitanuka mwaka hadi mwaka kama mito iliyofurika, zikameza kwanza bustani, kisha vibaraza, kisha njia za miguu, mpaka nyumba zikabaki ukingoni zikitazamana kama ndugu waliogombana. Kutembea hakukukatazwa; kulionewa aibu tu. Watoto wa wakubwa walibebwa kutoka kitandani hadi garini, na kila mwaka, katika Sikukuu ya Soli, Mkuu wa Usukani aliketi jukwaani akainua miguu yake miwili ili umati ushuhudie soli za viatu vyake, safi kama zilivyotoka dukani. Mkuu aliyekutwa na vumbi kwenye soli, au aliyekosa kufika jukwaani kabla ya saa tatu asubuhi, alikuwa amekwisha kujivua madaraka.

Wasio na magari waliitwa watu wa nyayo. Kwa huruma yake, dola iliwachorea mistari myeupe mahali pamoja, ikaweka sanduku la vitambaa kila upande. Mwenye kuvuka alichukua kitambaa, akakiinua juu ya kichwa, akainama kidogo kuwaomba radhi wenye magari, ndipo akaingia barabarani. Aliyeuliza kama kitambaa kinasimamisha magari, Siwema alitakiwa kumjibu, "Kinasimamisha, ukikiinua kwa heshima." Alijibu hivyo miaka tisa. Alimjibu hivyo hata mama yake, Bi Nyamizi, ambaye alikiinua kwa heshima zote, na gari likampitia mguu bila kupunguza mwendo. Tangu siku hiyo mguu ulikuwa na kidonda kisichofunga, na zahanati ya kukisafisha ilikuwa ng'ambo, hatua arobaini tu kutoka kwenye sanduku.

Asubuhi ya Sikukuu, Siwema alikuwa na kitambaa cha mwisho mkononi wanaume wanne walipofika na ndoo za rangi nyeusi.

"Dada, sogeza sanduku lako," alisema msimamizi wao. "Mistari inafutwa. Kuanzia leo hapa ni magari tu."

"Na wagonjwa wa zahanati wapite wapi?"

"Si kuna daraja?"

"Daraja liko mwendo wa nusu siku, kaka."

"Kwa miguu," alisema msimamizi, wenzake wakacheka. "Kwa gari hata wimbo hauishi."

Bi Nyamizi, aliyeketi juu ya beseni lililopinduliwa akingoja kuvushwa, alimgeukia bintiye. "Mwambie basi, mwanangu."

Siwema aliinama, akakikunja kitambaa cha mwisho.

Kabla brashi haijagusa mstari, gari refu jeusi lilikohoa mara mbili likazimika mbele yao. Ndani yake alikuwamo Mkuu wa Usukani, na jukwaa lilikuwa ng'ambo, ubavuni mwa zahanati. Walinzi wake walipunga mikono, lakini hakuna dereva aliyesimama, maana Tandabara nzima ilikuwa mbioni kwenda kuziona soli zile zile.

"Panda mgongoni, Mtukufu," alisema mlinzi mmoja, akachutama. Lakini naye alikuwa mtu wa kukaa garini. Alipiga hatua mbili tu, ikabidi amteremshe bosi wake juu ya kifuniko cha sanduku.

Zilibaki dakika chache kufika saa tatu. Mkuu alitazama barabara aliyoipanua mwenyewe, na kwa mara ya kwanza akaiona kutoka pembeni. Kisha akaomba vitambaa vitatu. Viwili akavifunga viatuni ili soli zisiguse lami. Cha tatu alikishika kwa vidole, kama mtu aliyepewa nguo ya mwenzake.

"Binti," aliuliza polepole, "ukikiinua hiki, wanasimama kweli?"

Msimamizi alimkazia Siwema macho. Jibu la miaka tisa lilikuwa tayari ulimini. Siwema alimtazama mama yake, akautazama ule mguu uliofungwa, na aliposema, sauti yake ilisikika juu ya ngurumo zote za njia ile.

"Hapana, Mtukufu. Hakijawahi kusimamisha hata gari moja. Nilijua, na bado nilimwambia mama yangu avuke."