Kila Kitu Sawa, Dokta

Kama kuna maneno ambayo Dokta Zahida hakutaka kuyasikia tena maishani, ni haya: kila kitu sawa, dokta. Mwambie mvua inanyesha ndani ya nyumba, mwambie gari limeibwa, atakusikiliza vizuri tu. Lakini daktari kijana akimwambia kila kitu sawa, anatafuta funguo za gari hapo hapo.

Alikuwa na sababu. Mwaka uliopita, katika hospitali moja ambayo hatuna haja ya kuitaja, daktari mmoja aliyekuwa akisomea ubingwa wa uzazi aliulizwa kwa simu hali ya wodi ikoje. Akajibu kwa maneno hayo hayo. Na wakati anajibu, mbele yake yupo mama aliyejifungua anavuja damu, naye hajui ashike wapi. Mama yule alipona, lakini ilibidi kizazi kitolewe. Alikuwa binti mdogo, mtoto wake ndiye wa kwanza, na mtoto mwenyewe hakuishi.

Daktari huyo jina lake Ridhiwan, mtoto wa muuza vitambaa wa Mbarara mjini. Usidhani alikuwa mvivu au mjinga. Kichwa chepesi, mikono myepesi. Shida ni kwamba msimamizi wake wa wakati ule, Dokta Kamaldin, alikuwa na mdomo. Ukimpigia simu kuomba msaada, kesho yake kwenye kikao cha asubuhi anakusimamisha mbele ya wenzako. "Haya, tuambie, jana ulikuwa unatafuta daktari au ulikuwa unamtafuta mama yako?" Watu wanacheka. Wanacheka kwa woga, maana kila mmoja anajua zamu yake inakuja. Ridhiwan alichekwa, akachekwa tena, basi, akaacha kupiga. Na Kamaldin, jamani, akafurahi! Akawa anamsifu kwamba kijana amekomaa, hasumbui mtu.

Baada ya yule mama, kamati ya chuo ilitaka kumfukuza. Zahida, bingwa wa uzazi pale chuoni, ndiye aliyesema nipeni mimi huyu. Walimtazama kama aliyeomba mzigo wa mtu mwingine sokoni, wakampa kwa sharti: kijana aende kufanya kazi kwenye kituo cha afya ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Zahida amsimamie kutoka Mbarara, halafu Zahida aje aieleze kamati kama kijana anaweza kuaminiwa na mgonjwa au arudi dukani kwa baba yake akapime vitambaa.

"Simu yangu iko wazi," Zahida alimwambia siku aliyompeleka. "Usiku, mchana. Ukinikuta kwenye swala, nikitoa salamu tu nitakupigia. Sitakucheka. Umesikia, mdogo wangu?"

"Nimesikia, dokta."

Kusikia alisikia. Kupiga hakupiga.

Zahida alikaa na ile simu pale nyumbani Nyamitanga mpaka mumewe, Faruku, akachoka. Anaoga, simu iko dirishani. Anapika, simu iko kando ya chumvi. "Hiyo simu ingekuwa mwanamume," Faruku alisema, "ningeshakwenda kwa shehe kushtaki." Zahida alicheka kidogo, kisha akaitazama tena. Kituo kile kinapokea wajawazito wa kambi nzima, Wakongo, Warundi, Wasomali, na Waganda wa vijiji vya Rugaaga pia. Haiwezekani siku zote hizo kusiwe na kitu cha kumuuliza mkubwa wako. Woga ukamwingia, na woga ukamfundisha tabia mbaya.

Akampigia mkunga wa pale, Bernardine, mama wa Kikongo aliyezalisha watoto tangu huko kwao Kivu. Akamwomba, kwa siri, awe anamwambia kila jioni yule kijana ameshindaje. Anakula? Mikono inatetemeka? Akiitwa anakuja?

Bernardine alikubali kwa shingo upande. Jioni ya kwanza alisema: "Amekula. Amezalisha muzuri." Jioni ya pili: "Alisimama mulangoni kidogo, kisha akaingia." Zahida akaanza kulala. Lakini haikuchukua muda, Bernardine akapiga mwenyewe, mchana, na sauti yake ilikuwa nzito.

"Mama Dokta, mie siwezi tena. Nimemwambia."

"Umemwambia nani?"

"Yeye mwenyewe, Dokta Ridhi. Nimemwambia kila mangaribi nakupashaka habari yake. Unisamehe. Ile kazi ya kuchunga muntu na kumusema nyuma yake, haiko kazi ya mukunga. Ananiamini, tunaingiza mikono fasi moja, mu damu moja. Siwezi."

"Alisemaje?"

"Aliosha mikono, akatoka."

Zahida alikaa kwenye kiti cha jikoni kama mtu aliyepigwa. Aibu ilimshika masikio yakawaka. Alijitia mwema, alijitia si kama Kamaldin, kumbe na yeye kamfanyia kijana vile vile, tofauti ni kwamba Kamaldin alimwaibisha mbele ya watu na yeye alimwaibisha kwa nyuma. Akampigia Ridhiwan palepale.

"Habari za huko, mdogo wangu?"

"Nzuri."

"Wagonjwa?"

"Kila kitu sawa, dokta."

Akakata. Baridi kama maji ya mtungi.

Usiku ule Zahida hakulala, na kulipopambazuka hakunywa hata chai. Sasa hana Bernardine, hana Ridhiwan, hana sikio lolote kule. Akijifungua mtu vibaya leo, nani atamwambia? Alimwachia Faruku watoto, akachukua gari. Hakuwa anakwenda kukagua. Alikuwa anakwenda kuomba msamaha uso kwa uso, kwa sababu msamaha wa simu kwa kijana aliyeumizwa na simu ni kumzidishia.

Njia nzima anaongea peke yake, anatafuta maneno. Alipofika Rwekubo, penye maduka na mabasi madogo yanayogombania abiria, simu ikalia. Aliposoma jina, mguu wake ulikanyaga breki wenyewe. Dereva wa nyuma akampigia honi na kumtukana kwa Kinyankole, matusi ya kutosha ukoo mzima.

"Dokta." Sauti ya Ridhiwan ilikuwa nyembamba. "Dokta, naogopa."

Alhamdulillahi, Zahida aliwaza, na papo hapo akaogopa yeye. "Niambie."

"Mama anaitwa Benitha, Mrundi, mtoto wa tano. Amejifungua mwenyewe, mtoto mzima, analia. Kondo la nyuma limetoka lote, nimelikagua. Lakini kizazi kimelegea. Nimekisugua, nimempa sindano, nimempa vidonge, kinakaza kidogo kisha kinalegea tena. Damu inakuja, dokta. Naona inakuja na sijui kama... Naomba unisaidie. Najua uko mbali."

Hapo Zahida angeweza kunyamaza. Akisema yuko wapi, kijana ataona amekuja kumvizia, na huenda akafunga mlango wa moyo wake na simu pamoja. Lakini uongo mmoja ulishamtosha.

"Siko mbali. Niko Rwekubo. Nilikuwa nakuja kukuomba msamaha kwa yale ya Bernardine, na msamaha wako utasubiri. Sikiliza. Simu mpe Bernardine, aishike sikioni kwako. Funga ngumi, iingize ndani, ikisukume kizazi kwenda juu. Mkono wa pili juu ya tumbo, ukikandamize kizazi kishuke juu ya ngumi. Kibane katikati. Umekipata?"

Kelele za makondakta dirishani. Kisha: "Nimekipata."

"Damu?"

"Imepungua. Imepungua, dokta!"

"Usitoe mkono. Ukichoka usitoe, ukilia usitoe. Mwambie mtoa dawa ya usingizi atayarishe chumba cha upasuaji, atafutwe mtu wa kumtolea damu. Mimi nakuja."

"Dokta, wewe ukifika utaichukua hii kazi?"

"Nakuja," alisema tena, na mtandao ukakatika.

Mtu akikuambia barabara ile ni fupi, muulize aliipita akiwa na nini moyoni. Vumbi, mashimo, migomba ya watu, na pale mbele, ebo, ng'ombe wa pembe ndefu wamesimama katikati ya njia wanatafuna kama wana kikao. Zahida alipiga honi, akatoka, akawapiga makofi matakoni, daktari bingwa mzima na hijabu yake imepinda. Mchungaji alikuwa anacheka. Alimwambia, "Pole, nyabo, pole mama, hawa hawana haraka," na Zahida alitamani kumrarua.

Kila alipoangalia simu, hakuna mtandao. Alimwona yule binti wa mwaka jana, aliyekuwa anauliza mtoto wake yuko wapi. Alimwona Ridhiwan akichoka mkono. Alijiona mbele ya kamati akisema ndiyo, nilimwamini, na mama amekufa.

Alipoingia kituoni, hakufunga hata mlango wa gari. Benitha alikuwa kwenye meza ya upasuaji, amelazwa, uso wa majivu lakini anapumua, chupa ya damu inadondoka kwenye mshipa. Ridhiwan alikuwa palepale, mkono ndani, mkono juu, jasho linamtiririka puani. Bernardine alikuwa anamfuta jasho na kumwambia kitu kwa sauti ya chini, maneno mengi ya Kiswahili cha kwao na Kifaransa yamechanganyika.

Zahida akanawa, akavaa. Bernardine akapokea kile kizazi kwa mikono yake, akakibana, na Ridhiwan akaenda kunawa upya. Aliporudi hakusimama upande wa mpasuaji. Alisogea kando, akainamisha kichwa.

"Chukua, dokta."

Wallahi, alitaka kuchukua. Mikono yake ilikuwa inawasha. Akichukua yeye, Benitha atashonwa haraka na kila mtu atapumua, na Ridhiwan atakuwa amekwisha, maana atajua hata aliyemtetea hakumwamini. Lakini pia Benitha hakuja pale kuwa mtihani wa mtu. Zahida alitazama damu. Alitazama mapigo ya moyo kwenye kile kimashine. Kulikuwa na nafasi, ndogo, lakini ilikuwepo.

"Hapo ni pako," alimwambia, na yeye akazunguka meza, akasimama upande wa msaidizi. "Mshono wa kukikumbatia kizazi. Umewashikia wakubwa mara ngapi? Haya. Nikiona damu inatushinda nitachukua bila kukuuliza, na hakutakuwa na aibu. Sasa fungua."

Akafungua. Vizuri, kwa kweli, mkono wa mtu aliyezaliwa kwenye vitambaa. Sindano ikapita upande mmoja, ikazunguka juu ya kizazi, ikashuka nyuma. Halafu ikasimama. Ridhiwan aliganda, sindano hewani, macho hayaoni. Zahida alimjua yule mtu aliyeganda. Alishaelezwa habari zake. Kidole chake kilishaanza kusogea kuelekea ile sindano.

"Dokta," Ridhiwan akasema. Akameza mate. "Sioni vizuri hapa nyuma. Nishikie, univutie kidogo."

Zahida akashika, akavuta.

"Kidogo tena."

Akavuta tena. Sindano ikaingia. Walipokaza uzi, kile kizazi kilijikunja kikawa kigumu, na damu ikakoma. Bernardine akasema "Asante Yezu" kwa nguvu, na mtoa usingizi, Mwislamu safi, akaitikia amina.

Jioni walikaa nyuma ya kituo kwenye benchi, penye tangi la maji. Benitha alishaamka na kumtukana mumewe, ikawa dalili njema. Ridhiwan alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili kwa sababu mmoja haukuwa na nguvu.

"Nilikukosea," Zahida alisema. "Nilikuambia nakuamini, halafu nikakuwekea macho. Nisamehe."

Kijana alipuliza chai. "Nilikasirika," alisema. "Nikasema basi, sitampigia mpaka nife. Leo damu ilipoanza, nikajiambia Bernardine atapiga. Nikamtazama. Akanitazama, akasema, 'Dokta, mie sipigi. Ile simu ni ya wewe.'" Alikunywa chai. "Kama angekuwa bado anakusemea, ningemwachia yeye. Ningesimama pale namsubiri apige."

Zahida aliutazama mlango wa wodi. Aliona jinsi alivyokaribia kumuua Benitha kwa kutaka kumlinda.

Wiki iliyofuata alisimama mbele ya kamati. Dokta Kamaldin, naye mjumbe, aliuliza swali moja tu, ameegemea kiti.

"Alimaliza peke yake?"

"Hapana."

Kamaldin akatabasamu na kuwageukia wenzake, kama kusema mmesikia wenyewe.

"Aliita," Zahida akasema. "Aliita mapema, damu ya mama ikiwa bado ndani ya mama. Akaita tena katikati ya upasuaji, alipokuwa haoni. Mwaka jana alikuwa peke yake, Dokta Kamaldin, na unajua ilikuwaje. Na mimi nilimchunguza kwa siri, nikakosea, andikeni na hilo. Kama mnataka daktari asiyeita mtu, mfukuzeni huyu, hafai."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Wakaamua aendelee, chini ya Zahida, na lawama zikitokea ziwe zake Zahida. Alikubali. Kamaldin alitoka bila kuaga.

Jumapili mchana Faruku alikuwa amechoma nyama, watoto wanagombania mbavu. Zahida alikuwa ameiacha simu chumbani kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Ikalia mpaka mtoto wake akaileta. Namba haina jina.

"Hallo? Samahani sana, dokta. Hunijui. Naitwa Junior, niko mwaka wa kwanza, niko kwa Dokta Kamaldin." Kijana alikuwa ananong'ona, na nyuma yake mwanamke alikuwa anapiga kelele za uchungu. "Ridhiwan ndiye amenipa namba. Amesema wewe mtu akiita, huchekagi."

Zahida akasukuma sahani.

"Sogea karibu na mama, mwanangu," alisema. "Niambie unaona nini."