Mgeni Mwenye Ufunguo

Mayasa hakupiga kengele. Hajawahi kupiga. Alitoa ufunguo kwenye mkoba wake wa bei ya gari, akafungua geti la nyumba ya baba yake mtaani Bertrams kama alivyolifungua tangu yuko shule, akavua viatu mlangoni, akapitiliza jikoni kufunua masufuria. Nyuma yake aliingia mwanasheria wake, Lambert, kijana wa Lubumbashi mwenye ofisi Midrand. Yeye alibaki na viatu vyake.

"Shikamoo, Baba! Bokoboko hamna?"

"Marahaba. Ungesema unakuja ningepika. Vitumbua vipo hapo."

Mzee Mselem alizima redio. Alitoka Tanga angali kijana, akapita Beira, akapita Harare, akapita Durban, na kote huko alilala kwa watu, mpaka alipoipata nyumba hii ya vyumba viwili. Kimoja chake. Cha pili cha Mayasa, na tangu mama yake afariki hakuna mtu mwingine aliyelala humo. Dirisha lake linatazama uwanja wa Ellis Park, uwanja ambao binti mwenyewe, siku hizi mwimbaji wa kutajwa bara zima, ameujaza watu mpaka wengine wakabaki nje.

Lambert alikaa ukingoni mwa kochi.

"Papa, tusikilizane muzuri. Hapa hakuna mtu anaiba. Kuficha pesa, ile ni kosa. Kuhama, haiko kosa. Mayasa alihamia Morisi, kule kodi ni kidogo. Sasa watu ya kodi ya hapa wanauliza kama kweli alihama. Sheria inatafuta kitu moja tu: mutu akimaliza kutembeatembea dunia, anarudia wapi?"

"Swali zuri hilo," alisema Mselem. "Tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni huyu!" Lambert alimnyooshea kidole Mayasa, aliyekuwa anatoka jikoni na kitumbua mkononi. "Alienda kusema kwa televisheni eti kwetu ni Bertrams, chumba yangu iko vile vile."

"Eish, Lambert, nilikuwa nafurahisha watu."

"Umefurahisha mpaka watu ya kodi. Papa, watakupigia simu. Utasema anakuja hapa kama mugeni. Na ile chumba, pangisha. Basi."

Mselem alimtazama bintiye akilamba sukari vidoleni. Huyu alizaliwa hospitali ya serikali, mama yake hakudaiwa kitu. Shule ya serikali ikamsamehe ada. Na mwalimu wa kwaya, yule mama mnene aliyemwambia una sauti, usiifiche, mshahara wake ulitoka wapi?

"Mwanangu, ukiilipa hiyo kodi utalala njaa?"

"Siyo njaa, Baba. Wakubwa wote wanafanya hivi. Kwa nini nitoe ambacho sheria hainilazimishi? Si unajua wanavyozila hizo hela?"

"Wanazila, sikatai. Nyingine zilikufundisha kuimba."

Mayasa alikirudisha kitumbua kwenye sahani.

"Sheria siijui," Mselem aliendelea, bila kupandisha sauti. "Nimevuka mipaka mingi, na mingine sikuwa na karatasi, kwa hiyo sitamfundisha mtu sheria. Ila uongo sisemi. Wakinipigia nitawaambia kilichopo."

"Kwa hiyo unakataa, Papa?"

"Nimesema nakataa? Anataka kuwa mgeni. Basi awe."

Akanyanyuka, akafungua kabati la vioo, akatoa vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, vile visivyoguswa ila kwa ajili ya wageni. Akamimina chai. Mayasa aliinuka kufuata sukari.

"Kaa, mgeni. Utaletewa."

Mayasa alicheka. Alipoona amecheka peke yake, akaacha.

"Ukihitaji choo, kiko mkono wa kulia."

"Baba, acha mzaha bwana."

"Sifanyi mzaha. Mgeni hatembei na ufunguo wa nyumba ya watu."

Lambert alikohoa. "Mayasa, ni ufunguo tu."

Ufunguo ulikuwa umekaa sana kwenye pete yake, haukutaka kutoka. Mayasa alihangaika nao kwa kucha zake ndefu, halafu akauweka juu ya meza, kando ya kikombe. Chai hakuimaliza. Walipoondoka, Mselem aliwasindikiza mpaka kwenye gari, akasimama kuwapungia mpaka robot, ile taa ya barabarani, ikawaruhusu. Siku zote Mayasa alikuwa anaondoka huku baba yake hata kichwa hainui. Mtoto anasindikizwa wapi?

Chumba alikichukua Sagesse, msusi wa kule Hillbrow, Mkongo mcheshi mwenye makelele, pamoja na ufunguo wake. Watu wa kodi walipopiga, Mselem aliwajibu kweli tupu: anakuja kama mgeni, ufunguo hana, chumbani kuna mtu. Mayasa akashinda. Lambert akatuma salamu za shukrani.

Sikukuu ya Idi kengele ya geti ililia.

Mayasa alikuwa amesimama nje na boksi la tende, limefungwa utepe. Mselem alimfungulia, akampokea boksi, akamkalisha kochini, akatoa vile vikombe. Waliongea kuhusu mvua, kuhusu goti la mzee, kuhusu Morisi na bahari yake. Maongezi mazuri tu. Kisha Sagesse akatoka chumbani na kandambili, nywele hajachana, akasalimia, akaenda jikoni. Vifuniko vya masufuria vikasikika.

Mayasa alisikiliza.

"Baba, huyu atakaa mpaka lini?"

"Sijamuuliza. Kwake ni hapa. Nikuongeze chai?"

"Imetosha. Asante."

Jua lilipopungua aliaga. Mselem akavaa kofia amsindikize. Mayasa alitangulia, akafika getini, akaingiza mkono mkobani, akapapasa, akapapasa tena. Halafu akautoa mkono mtupu, akasimama kando, akamngoja baba yake aje amfungulie.