Majina Arobaini na Matatu kwenye Kadi ya Cherehani

Jumanne, tarehe 9 Novemba 1976, saa mbili na robo asubuhi. Mawingu yalikuwa yametanda juu ya Tabora tangu Jumapili, lakini mvua ilikuwa bado haijanyesha, na joto lilichosha.

Flavia na Hilari walishuka mtaa wa Kanyenye kutoka kwenye lori la magogo. Wakateremsha cherehani ya mkono iliyofungwa ndani ya kanga. Flavia alikuwa kiongozi wa kikundi cha ushonaji cha wanawake sita, katika kijiji cha ujamaa kilicho karibu na Isikizya. Hilari alikuwa katibu wa kijiji hicho. Cherehani ilikuwa mpya, na tangu siku ya kwanza ilikata uzi kila baada ya mishono mitano au sita. Mkutano wa kijiji ulikuwa umeamua: ikifika Jumamosi haishoni, kikundi kivunjwe na wanawake wote sita warudi kwenye shamba la tumbaku.

Hii ilikuwa safari yao ya tatu kwenye duka la umma walikoinunua. Ya kwanza walikuta karani yuko mkutanoni. Ya pili waliambiwa wakalete kadi ya dhamana, kwani bila hiyo duka halipokei cherehani mbovu. Leo walikuwa nayo.

Karani wa duka aliitwa Salmini. Alimwamkia Flavia kwa adabu, akaifungua kadi juu ya meza, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mama, hii ni kadi ya dhamana au ni daftari la wapiga kura?"

"Ni kadi mliyotupa nyinyi," alisema Flavia.

Kadi ilikuwa na mstari mmoja ulioandikwa "Jina la mwenye mali". Hilari alikuwa ameipeleka mkutanoni, na hapo ndipo shida ilipoanza. Mali ilikuwa ya wote. Hakuna aliyekubali Hilari aandikwe peke yake, asije akaibeba siku moja akasema ni yake. Basi wakuu wa kaya wote arobaini na watatu walitia sahihi au kidole gumba. Waliokuwa wamehitimu kisomo cha watu wazima walikataa katakata kutia kidole. Waliandika majina yao matatu matatu, kwa herufi kubwa. Mstari ulipojaa walishuka chini, na karatasi ilipokwisha walipita juu ya namba ya cherehani na juu ya mhuri wa duka.

"Mwenye mali ni nani hapa?" aliuliza Salmini.

"Kijiji," alijibu Hilari.

"Kijiji hakina kidole gumba, ndugu yangu."

"Kina ishirini na tisa. Vihesabu. Wengine kumi na wanne wameandika."

Salmini alicheka kidogo, kisha akaacha. "Namba siioni."

"Namba imechongwa kwenye cherehani yenyewe," alisema Flavia. "Isome."

"Ya kwenye cherehani naiona, mama. Ya kwenye kadi siioni. Kazi yangu ni kuzilinganisha."

"Uzi unakatika. Keti hapa ushone, utauona."

"Sikatai kwamba unakatika. Zimerudi nyingine nne za aina hii. Lakini wale kadi zao zinasomeka." Akaikunja kadi taratibu, akamrudishia Hilari. "Andikeni barua Dar es Salaam, muombe kadi nyingine. Miezi mitatu hivi. Minne."

Hilari alitoa kalamu akaandika anwani. Flavia alikuwa ameshaanza kufunga kanga.

Walikwenda mtaa wa Ng'ambo kwa miguu, cherehani wakipokezana. Fundi Ghalibu alikuwa mzee aliyeshona kanzu za watu wa mji huo kwa miaka arobaini. Walimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho, akazungusha mkono wa cherehani mara tatu, akasikiliza.

"Chuma kinachodaka uzi chini ya sindano kina mkwaruzo," alisema. "Kiwandani hawakukisugua. Ninaweza kukisugua kwa tupa. Mna kadi?"

Hilari akampa. Mzee aliisogeza mbali na macho.

"Mashaallah. Watu wengi kuliko harusi. Imeandikwa hapa kwamba fundi wa nje akiifungua, dhamana inakufa. Mimi ni fundi wa nje. Nani ananiruhusu?"

"Hakuna," alisema Hilari. "Ruhusa ni ya mkutano. Tukiifungua leo na ikaharibika, duka litasema tumeiharibu sisi. Dada Flavia, tusubiri kadi mpya."

"Nisubiri miezi minne? Jumamosi ni siku nne tu kutoka leo, Ndugu Katibu. Wale watano wananingoja."

"Mimi sitii sahihi ya kuruhusu ifunguliwe."

"Usitie." Flavia alimsogelea fundi, akaweka kidole kwenye kadi, karibu na pembe ya chini. "Hili ni jina langu. Nimeliandika mwenyewe. Mimi ni mwenye mali. Fungua."

"Na hao arobaini na wawili?"

"Nitaonana nao Jumamosi."

Ghalibu alichukua bisibisi.

Kazi ilimchukua saa moja na nusu. Mwishowe cherehani ilishona urefu wa mkono mzima, ikaruka mshono mmoja, ikaendelea. Uzi haukukatika.

"Kuruka kutabaki," alisema mzee. "Hilo sina dawa nalo."

Baada ya hapo, Salmini alifunga duka saa sita, akaenda kula. Alasiri alipokea cherehani ya sita yenye kasoro ileile. Ghalibu alirudi kwenye kanzu aliyokuwa ameiacha katikati. Hilari aliandika barua ya kurasa mbili kwenda Dar es Salaam. Kwenye taarifa ya mkutano aliandika kwamba mali ya kijiji ilifunguliwa bila ruhusa, na aliyeifungulisha akamtaja kwa jina. Wanakijiji, siku ya Jumamosi, walitazama sketi ya shule ikishonwa mbele yao hadi mwisho. Walikubali kikundi kiendelee, kisha wakamwondoa Flavia kwenye uongozi na kwenye kikundi. Wale wanawake watano walichukua cherehani. Flavia, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, alichukua jembe akaenda kwenye shamba la tumbaku.