Mlango wa Lamont

Kazi yangu ni kuyazeesha magari. Garo, mwenye karakana yetu hapa Sun Valley, alinunua Pontiac sita za mwaka sitini na nane kwa ajili ya filamu moja. Tano zilikuwa za kuumizwa: tunang'oa viti, tunachomelea fremu ya mabomba ndani, kisha zinarushwa, zinapinduliwa, zinachomwa moto. Ya sita ni ya picha za karibu tu, haiguswi. Mimi ndiye ninayehakikisha zote zinafanana kama mapacha, hadi kutu. Roho huniuma, sikatai, lakini katika bonde hili lote hakuna anayeniweza.

Ile ya sita ilitoka kwa Bi Verlene Tibbs wa Pacoima, mjane. Mlango wa dereva ulikuwa na herufi tatu zilizokwanguliwa kwa msumari: LAM. Mwanawe Lamont alizichora akiwa na miaka sita, akakamatwa kabla hajamaliza jina. Baba yake alicheka badala ya kumchapa, na hakukubali kamwe mlango ule upakwe rangi upya. Lamont alifariki akiwa na miaka ishirini na miwili. Bi Verlene alituuzia gari kwa sharti moja: filamu ikiisha, arudishiwe mlango.

Mwongozaji alizipenda zile herufi, akataka ziwe kwenye magari yote. Nikazinakili kwa msumari hadi mkono ukauzoea mwandiko wa kitoto. Nilijisifu sana, Mungu anisamehe.

Siku ya kurusha gari kwenye machimbo ya kokoto, kreni iliugonga mlango wa gari la kuruka. Watu mia wamesimama, jua linashuka.

"Eliseo, mlango mwingine, sasa hivi," Garo akasema.

Utepe wa namba uliotofautisha magari tulishaubandua ili usionekane kwenye picha. Nikafungua boliti za gari lililokuwa karibu, nikahamisha mlango. Viti vilikuwemo ndani yake, macho yangu yaliviona, akili haikuviona. Gari likaruka, likatua kwa ubavu, watu wakapiga makofi. Nilipogeuka ndipo nikaiona Pontiac ya Bi Verlene imesimama bila mlango.

"Mpe wowote," Garo aliniambia. "Si unajisifu hazitofautiki? Haya, leo sifa zako zina faida."

"Mimi nitajua."

"Wewe jua, kaa kimya. Unataka afiwe mara ya pili?"

Jumamosi, filamu ikiwa imekwisha, Bi Verlene akaletwa na mpwa wake kwa gari, akiwa na keki ya viazi vitamu kwa ajili yetu. Nilikuwa nimeegemeza mlango ukutani, nimeung'arisha. Akainama, akapitisha kidole kwenye L, polepole, akaingia kwenye A.

"Hujambo, baba," akauambia mlango.

Nikashindwa.

"Mama, hiyo nimeiandika mimi."

Hakuinuka. Nikamweleza yote, kreni, boliti, viti. Garo akaingia ofisini akafunga mlango. Bi Verlene alisikiliza, kidole chake kikiwa bado pale pale, kisha akakiondoa, akakipangusa kwenye sketi.

"Wa kwangu uko wapi?"

Nikampeleka uani kwenye mabaki. Mlango ulikuwa umekunjika kama chapati, herufi zikiwa ndani ya mkunjo.

"Nipe nyundo na nusu saa, mama, nitaukunjua."

"Rangi itabaki?"

"Ni rangi ya miaka mingi. Itabanduka."

"Na herufi je?"

"Zitaondoka nayo."

Akaingiza vidole viwili kwenye mkunjo, akasukuma hadi vikakwama. Havikufika.

"Zimo humu? Usinidanganye tena, kijana."

"Zimo. Niliufunga boliti kwa mikono yangu hii."

"Basi usiuguse. Nitilie garini hivyohivyo."

Tukaubeba, mimi na mpwa wake, tukaulaza kwenye kiti cha nyuma. Alivua koti lake akaufunika. Nikajua hataziona tena maishani, na kwamba ni mimi niliyemfanyia hivyo. Nikamwomba radhi.

"Keki kuleni," akasema. Kisha akashusha kioo. "Na zile ulizoandika wewe, zifute. Mwanangu hakuandika mara sita."

Magari matatu yalikuwa bado mazima. Nilianza kupiga msasa kabla hawajafika barabarani.